Farasi wa Liu Tingxun: sanamu 13 za kaburi la Luoyang na swali la nani alizikwa nazo

Ndani ya British Museum, London, kuna kundi la sanamu 13 za udongo uliochomwa na kufunikwa gleizi, lile tabaka jembamba la kioo linalofanya chombo cha udongo king'ae. Kuna walinzi wawili wa mbinguni waliovaa deraya, wanyama wawili wa kutisha waliokusudiwa kuwafukuza waovu, maofisa wawili, ngamia wawili, farasi wawili na saisi watatu. Rangi ni tatu zile zile zinazojulikana kwa kazi hii: kaharabu, kijani na maziwa. Sanamu ndefu kuliko zote inakaribia sentimita 110. Kundi zima linahusishwa na kaburi la Liu Tingxun, mtu wa vyeo vya jeshi na serikali katika enzi ya Tang ya China, aliyefariki mwaka 728 akiwa na umri wa miaka 72.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo kisa chenyewe. Farasi wa Tang wa gleizi wapo katika majumba mengi ya makumbusho duniani, na wengi wao hawana jina la maiti waliyemsindikiza wala mwaka waliofukiwa. Hawa wawili wana vyote viwili. Basi inafaa kuuliza: jina na mwaka huo vimetokana na udongo wenyewe, au vimetokana na maneno ya watu waliowapitisha mkono kwa mkono hadi London? Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani, na ni vizuri kuyatenganisha hatua kwa hatua.

Kuhesabu kabla ya kupendezwa

Jambo la kwanza ni hesabu. Sanamu kubwa za makaburi ya Tang ziliwekwa jozi jozi, na kundi hili linafuata kanuni hiyo isipokuwa mahali pamoja: wanyama wa kuongozwa ni wanne, ngamia wawili na farasi wawili, lakini saisi ni watatu. Saisi wa udongo kwa kawaida hukunja ngumi yenye tundu, na humo ilipita hatamu ya kamba au ngozi ambayo imeoza zamani. Kila mnyama alikuwa na wake. Saisi wa nne hayupo. Huenda alivunjika wakati wa kuchimba, huenda aliuzwa peke yake, huenda bado yu ardhini. Kwa vyovyote vile, kilichofika London hakikuwa kundi kamili, na hilo linatuambia kwamba kuna mkono uliochagua au uliopoteza njiani.

Hesabu ya pili inatoka kwenye sheria. Taratibu za serikali ya Tang zilizokusanywa rasmi na kukamilika mwaka 738 zilitaja idadi ya vitu vya kaburini kwa kila daraja: ofisa wa daraja la tatu na kuendelea juu, vitu 90, wa daraja la tano na kuendelea juu, 60, wa daraja la tisa na kuendelea juu, 40. Mwaka 741 idadi hiyo ilikatwa ikawa 70, 40 na 20, na raia asiye na cheo akawekewa kikomo cha 15. Sasa tuangalie sanamu 13. Ni chache hata kuliko haki ya raia wa kawaida baada ya makato. Mtu wa cheo cha Liu hakuzikwa na vitu 13 tu. Kwa maoni yetu, kaburi lolote lililotoa wanyama wakubwa hivi lilikuwa pia na vidogo vingi: watumishi, wapiga muziki, vyombo, majiko na visima vya udongo, vingi vikiwa havina gleizi. Wachimbaji wa soko huchukua kinachouzika. Vidogo hubaki, hukanyagwa, au huuzwa kimoja kimoja bila mtu kukumbuka vilitoka shimo gani.

Hesabu ya tatu ni ya urefu, na ndiyo inayowababaisha watu wengi. Taratibu hizo hizo zilisema farasi na walinzi wa kaburi wawe na urefu wa chi moja, yaani takriban sentimita 30 kwa kipimo cha wakati ule, na watumishi na wapiga muziki wawe wafupi zaidi. Sanamu ya sentimita 110 imevuka kipimo zaidi ya mara tatu. Je, hiyo ni dalili ya kughushi? Hapana. Makaburi ya miaka hiyo yaliyochimbwa na wanaakiolojia yametoa sanamu kubwa za namna hii mara nyingi, na amri ya 741 isingehitajika kama watu wangekuwa wanatii. Mazishi yalikuwa hafla ya hadharani. Sanamu zilibebwa barabarani mbele ya macho ya jiji kabla ya kufukiwa, na familia zilishindana. Farasi mkubwa wa gleizi alisema kwa sauti kile ambacho cheo kilikuwa kimekisema kwa upole.

Na kwa nini farasi? Dola ya Tang ilijengwa juu ya farasi wa vita. Kumbukumbu za nasaba hiyo zinataja farasi 706,000 katika malisho ya serikali katikati ya karne ya 7. Mwaka 667 mafundi na wachuuzi walikatazwa kupanda farasi. Kwa hiyo aliyezikwa na farasi wawili waliotandikwa tayari alikuwa akitangaza daraja lake hata kabla mtu hajasoma jiwe la kaburi.

Njia ya kutoka Luoyang

Kaskazini ya Luoyang, mkoani Henan, kuna safu ya vilima vya Mangshan vilivyojaa makaburi ya karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 reli ilipojengwa kupita eneo hilo, wafanyakazi walianza kukutana na makaburi, na sanamu za udongo zikaanza kufika sokoni. Wakusanyaji wa Kichina wa wakati ule hawakuzitaka majumbani. Kitu cha maiti kilihesabiwa kuwa nuksi. Wanunuzi wa Ulaya, Marekani na Japani hawakuwa na kizuizi hicho. Soko likazaliwa kwa kasi, na uchimbaji wa usiku ukazaliwa pamoja nalo.

Kundi letu liliishia kwa George Eumorfopoulos, mfanyabiashara na mkusanyaji mashuhuri wa London. Mwaka 1934, baada ya mali yake kupungua, alikubali kuuza mkusanyo wake kwa British Museum na Victoria and Albert Museum kwa pamoja kwa pauni 100,000, bei ya chini sana kuliko ile ya soko. Sanamu hizi ziliandikishwa katika British Museum mwaka 1936.

Kinachokosekana katika njia hiyo ni kila kitu ambacho mwanaakiolojia angekitaka: ramani ya shimo, picha ya sanamu zikiwa bado mahali pake, orodha ya vilivyokutwa pamoja nazo. Kinachobaki ni maandishi ya jiwe. Makaburi ya maofisa wa Tang yaliwekwa jiwe la mraba lenye kifuniko, limechongwa jina, nasaba, vyeo, siku ya kufa na siku ya kuzikwa. Jiwe la namna hiyo likikutwa na sanamu katika chumba kilichofungwa, hakuna ushahidi bora zaidi. Tatizo ni kwamba mawe na sanamu yalikuwa na masoko mawili tofauti. Wasomi wa Kichina waliyapenda mawe kwa ajili ya maandishi; Zhang Fang pekee alikusanya zaidi ya mawe 1,000 ya enzi ya Tang huko Xin'an, magharibi ya Luoyang. Sanamu zilikwenda ng'ambo. Dalali aliyekuwa na habari ya jiwe lenye tarehe na kundi la sanamu lisilo na tarehe alikuwa na kila sababu ya kuviunganisha, maana sanamu yenye jina huuzwa ghali. Hatusemi ndivyo ilivyokuwa hapa. Tunasema mlango huo ulikuwa wazi, na mchambuzi hawezi kupita kana kwamba umefungwa.

Farasi alivyoundwa, na palipoharibika

Tuje kwenye udongo wenyewe, maana hapa ushahidi hautegemei neno la mtu.

Malighafi ni udongo mweupe wenye kaolini nyingi. Kwa sanamu za Luoyang, tanuri la kwanza la kulifikiria ni Huangye, katika Gongyi ya leo (zamani Gongxian), mashariki ya Luoyang, lililogunduliwa mwaka 1957. Upande wa mji mkuu Chang'an, ambao leo ni Xi'an, kulikuwa na matanuri ya Huangbao katika Tongchuan, na ya Liquanfang yaliyofukuliwa ndani ya Xi'an mwaka 1999. Vipimo vya elementi zilizomo kwa kiasi kidogo sana huweza kutenganisha udongo wa matanuri haya, hata pale ambapo jicho linaona weupe ule ule.

Farasi hafinyangwi kwa mkono mmoja kutoka juu hadi chini. Hukandamizwa vipande vipande ndani ya kalibu za udongo uliochomwa. Kiwiliwili hutoka katika nusu mbili, kushoto na kulia. Shingo na kichwa huwa na kalibu yake, miguu yake, na vitu vidogo kama masikio, mapambo ya ukanda wa kifuani na vishada vya ukanda wa nyuma hupigwa chapa peke yake na kubandikwa mwishoni. Fundi hutandaza bamba la udongo la unene unaokaribia sentimita 1, hulikandamiza ndani ya kalibu kwa vidole, na hulisubiri lisinyae kidogo hadi lijiachie lenyewe. Kingo hukwaruzwa, hupakwa uji wa udongo, nusu mbili hubanwa, kisha kwa ndani hupitishwa ukanda wa udongo laini juu ya kiungo na kushindiliwa kwa kidole. Ukichungulia kwa tochi katika tundu la tumboni mwa farasi wa kweli, mara nyingi unaona nyayo za vidole hivyo. Huo ni ushahidi mzuri wa namna ya ujenzi, ingawa fundi wa leo anaweza kufanya vile vile.

Faida ya kalibu za vipande ni kwamba karakana moja huzalisha farasi wasiofanana kabisa. Kiwiliwili kile kile hupewa kichwa kilichogeukia kushoto, au kilichoinamishwa kukwaruza mguu. Manyoya ya shingo huchongwa, mengine yakikatwa kwa vipembe vitatu kama ilivyokuwa fasheni ya ikulu; au huachwa mfereji mrefu juu ya shingo wa kupandikiza nywele halisi. Mkia vivyo hivyo: ama umefungwa na kufinyangwa, ama kuna tundu tu. Nywele zilizopandikizwa zimeoza, ndiyo maana baadhi ya farasi wanaonekana wamenyolewa.

Hatari kubwa iko miguuni. Miguu minne myembamba inabeba kiwiliwili kizito kikiwa bado kibichi. Pasipo nguzo ya udongo chini ya tumbo, miguu hupinda au hutawanyika. Kwa hiyo kwato hubandikwa juu ya bamba bapa, kitako cha mstatili, ambacho hushikilia umbali kati ya mguu na mguu wakati udongo unapokauka na kusinyaa. Tangu ubichi hadi kuchomwa, udongo wa aina hii hupungua takriban sehemu ya kumi ya urefu wake. Mguu mmoja ukikauka kabla ya mwingine, ufa hutokea juu ya goti au mahali mguu unapoungana na tumbo. Ndiyo maana farasi wengi sokoni wamevunjika na kurekebishwa mahali hapo hapo. Farasi asiye na mshono wowote miguuni ni wa kutazamwa mara mbili.

Tundu la tumboni lina kazi yake. Maji yaliyojificha ndani ya udongo mnene hugeuka mvuke joto linapopita nyuzi 100; hewa na mvuke visipopata njia, ukuta wa sanamu hupasuka kwa kishindo na vipande huharibu kazi ya jirani ndani ya tanuri.

Uchomaji ni wa mara mbili. Wa kwanza hufika kati ya nyuzi 1,000 na 1,100 za Selsiasi, bila gleizi, na humpa farasi nguvu ya kushikwa na kusafirishwa. Wa pili hufika kwenye nyuzi 900 hivi, na kazi yake ni kuyeyusha gleizi tu. Mpangilio huu una hekima: kazi iliyopasuka katika uchomaji wa kwanza hutupwa kabla haijagharimiwa gleizi.

Gleizi yenyewe ni ya risasi. Oksidi ya risasi huwa kati ya nusu na asilimia 60 ya uzito wake, silika huwa karibu theluthi, na kilichobaki ni alumina kutoka kwenye udongo pamoja na madini ya rangi. Silika peke yake huyeyuka juu ya nyuzi 1,700. Ikichanganywa na risasi kwa kiasi kinachofaa, kiwango hicho hushuka chini ya 800. Bila risasi, tanuri la Tang lisingepata gleizi laini kwa joto dogo hivi. Kijani hutokana na shaba na kaharabu hutokana na chuma, kila moja kwa asilimia chache tu; rangi ya maziwa ni gleizi isiyotiwa kitu, ikiruhusu weupe wa udongo uonekane; na bluu, iliyokuwa adimu, hutokana na kobalti, ambayo huhitaji kiasi kidogo zaidi.

Risasi inayoyeyuka hutiririka. Ile michirizi ya kijani inayoshuka juu ya kaharabu mbavuni mwa farasi ni mwendo wa kioo cha moto, na fundi mzuri alijua kitasimama wapi. Kikipita kiasi, hushuka hadi chini na kugandisha kitako kwenye sakafu ya tanuri, na kazi nzima huvunjwa wakati wa kuibandua. Ndiyo sababu gleizi huishia juu kidogo ya kitako, na tumbo kwa chini huachwa wazi. Kwa sanamu za watu sababu ni nyingine: uso hauwekwi gleizi kabisa, maana ingefukia macho na midomo. Uso hupakwa rangi baridi baada ya uchomaji wa mwisho, nyusi kwa wino mweusi na midomo kwa wekundu, na rangi hiyo ndiyo ya kwanza kupotea ardhini.

Moshi ni adui. Tanuri likikosa hewa, oksidi ya risasi hurudi kuwa metali na gleizi hugeuka kijivu au nyeusi yenye mabaka. Uchomaji wa pili lazima uwe na hewa ya kutosha muda wote. Mvuke wa risasi ulimwumiza fundi, na gleizi hiyo hutoa sumu ikiguswa na chakula chenye asidi. Sanamu ya kaburi haikuwa na shida hiyo. Vyombo vya Kichina vilivyofika pwani yetu karne ya 9, kama vile vigae vya Changsha vilivyofukuliwa Manda na Shanga katika kisiwa cha Pate na jirani yake, ni vya jamii nyingine kabisa: udongo mgumu uliochomwa kwa joto kubwa, wa kutumiwa mezani na kuvumilia safari ya bahari. Farasi wa gleizi walikuwa mali ya udongo wa Henan na Shaanxi, na walikusudiwa wasionekane tena.

Kipimo cha kulinganishia: kaburi la An Pu

Ili kujua kama farasi wa Liu wanakaa sawa kwenye mwaka 728, tunahitaji kaburi lililofunguliwa na wanaakiolojia, lenye jiwe lake, katika eneo hilo hilo. Lipo. Mwaka 1981, huko Longmen, kusini ya Luoyang, lilifunguliwa kaburi la An Pu na mkewe Bi He. An Pu alikuwa wa asili ya Bukhara, kiongozi wa Wasogdia, watu wa Asia ya Kati, waliotumikia Tang. Ndani kulikuwa na zaidi ya vitu 100, takriban nusu vikiwa vya gleizi ya rangi tatu: walinzi, wanyama wa kaburi, maofisa, farasi, ngamia na saisi. Orodha inafanana sana na ya London. Kulikuwa pia na sarafu ya dhahabu ya mfalme Phocas wa Bizanti, aliyetawala 602 hadi 610.

Kaburi hili linatufunza jambo ambalo ni rahisi kulisahau. An Pu alifariki Chang'an mwaka 664. Mkewe alifariki Luoyang mwaka 704. Mtoto wao An Jinzang aliwazika pamoja Longmen mwaka 709. Kwa hiyo sanamu ni za 709, miaka 45 baada ya kifo cha baba. Sarafu ni ya zamani zaidi kwa karibu karne nzima. Mtu angeandika «664» chini ya farasi wale kwa kusoma tarehe ya kifo, angekuwa amekosea kwa muda wa uhai wa mtu mzima.

Tukirudi kwa Liu: mwaka 728 ni mwaka wa kifo. Unatupa mwanzo wa uwezekano, kwamba sanamu hazikufukiwa kabla ya hapo. Mazishi yangeweza kuchelewa, na mazishi ya pamoja na mke yangeweza kuchelewa zaidi. Kwa upande wa mwisho tuna uasi wa An Lushan wa mwaka 755, ambao uliangusha Luoyang na Chang'an na kuvunja desturi hii ya sanamu kubwa za gleizi. Kati ya 709 na 755 ndipo farasi hawa wanapokaa kwa starehe: umbo, matandiko, aina ya gleizi na orodha ya kundi vyote vinakubali. Hilo ni jibu zuri. Haliwezi kusogea hadi mwaka mmoja bila jiwe.

Vipimo vinavyoweza na visivyoweza

Wengi hudhani maabara itamaliza ubishi. Kipimo kinachotumika zaidi kwa udongo uliochomwa ni thamoluminesensi. Chembe za kwatsi na felspa ndani ya udongo hujikusanyia nishati kutokana na mionzi midogo ya asili. Uchomaji wa tanuri huifuta, na saa huanza upya. Maabara hutoboa tundu dogo mahali pasipoonekana, kwa kawaida chini ya kitako au ndani ya tumbo, huchukua unga kidogo, huupasha joto hadi nyuzi 500 na kupima mwanga unaotoka. Mwanga mwingi, miaka mingi.

Lakini kosa la kipimo hiki kwa kitu kisichokuwa na udongo wa kaburi lake ni asilimia 20 au zaidi. Kwa kitu cha miaka 1,300, hiyo ni miaka 260 kila upande. Kinaweza kutenganisha farasi wa Tang na nakala ya karne ya 20. Hakiwezi kutenganisha 709 na 728, wala kusema lolote kuhusu jina la maiti.

Pia hupima tundu lilipotobolewa tu. Wenye hila hulijua hilo: huchukua kitako au vigae vya kale visivyo na thamani, huvijenga ndani ya mwili mpya, na kumwelekeza mtoboaji pale panapowafaa. Sampuli mbili au tatu kutoka sehemu mbalimbali, pamoja na picha za eksirei au CT zinazoonyesha viungo na vyuma vya ndani, ndizo zinazopunguza hatari hiyo. Taa ya urujuanimno huonyesha gundi na rangi mpya kwa mng'ao tofauti. Nyufa nyembamba za gleizi na ile rangi ya upinde wa mvua inayotokana na gleizi kuliwa na unyevu wa ardhini ni dalili nzuri zikiwa pamoja na nyingine. Peke yake hazitoshi, kwa kuwa asidi huweza kuziiga kwa siku chache. Kijiji cha Nanshishan, karibu na Luoyang, kinafanya kazi halali na nzuri ya nakala kwa kutumia kalibu na udongo unaokaribiana sana na wa zamani. Ubaya huanza nakala inapoondoka kijijini na kuzeeshwa na mtu wa kati.

Marekebisho ni suala jingine ambalo kundi kama la Liu lazima liulizwe. Cincinnati Art Museum, Marekani, ina farasi anayecheza ngoma, wa Tang, asiye na gleizi. Mtunzaji wa mkusanyo alitilia shaka kishada kilichosimama kwenye paji la uso mithili ya pembe. Sampuli ndogo 11 zilichukuliwa na kupimwa. Kishada kilikuwa cha plasta, kimeshikizwa kwa gundi ya wanyama, na ikabainika kwamba sanamu ilikuwa imerekebishwa angalau mara mbili. Kiliondolewa. Farasi ni wa kale kweli, lakini sehemu iliyovutia macho kuliko zote ilikuwa ya fundi wa marekebisho. Kwa farasi wawili wa Liu maswali ya kuuliza ni hayo hayo: masikio, mikia, miguu chini ya goti, na vishada vya ukanda.

Uamuzi wetu

Tunakubali kwamba sanamu 13 ni za Luoyang na ni za nusu ya kwanza ya karne ya 8. Tunakubali pia kwamba zilikuwa kundi moja: ukubwa na mpangilio wa jozi ni vigumu kukusanywa na dalali kutoka makaburi mbalimbali, na upungufu wa saisi mmoja unatutia moyo, kwa sababu mwenye kuunganisha kundi kwa ajili ya kuuza angetafuta wa nne. Kwamba kundi lilikuwa la Liu Tingxun tunalichukulia kuwa jambo linalowezekana sana, lakini limesimama juu ya ushuhuda wa soko.

Soko hilo halijalala. Desemba 1989 farasi mmoja wa Tang kutoka mfuko wa pensheni wa British Rail, shirika la reli la Uingereza, aliuzwa Sotheby's, London, kwa pauni milioni 3.74. Bei kama hiyo husikika hadi kwenye vilima vya Mangshan. Tangu Januari 2009 Marekani, kwa makubaliano na China, imezuia kuingizwa kwa vitu vya kiakiolojia vya China hadi mwisho wa Tang, mwaka 907, visivyo na hati. Mtu anayepelekewa farasi leo aanze na karatasi hizo kabla ya kumtazama farasi.

Kazi inayoweza bado kufanywa ni ndogo na ya wazi: unga kidogo kutoka chini ya kila moja ya sanamu 13, upimwe elementi na kulinganishwa na vigae vya Huangye. Udongo wa zote 13 ukiangukia kundi moja, hoja ya karakana moja itakuwa imefungwa. Ukigawanyika, itabidi kuuliza ni zipi zilizoongezwa. Hadi hapo, maneno tunayoyaona ya haki chini ya kabati la kioo ni haya: «Sanamu 13 za kaburi, udongo wenye gleizi ya risasi. Luoyang, Henan, nusu ya kwanza ya karne ya 8. Zilinunuliwa sokoni, zinahusishwa na kaburi la Liu Tingxun, aliyefariki 728. Saisi mmoja hayupo.»